Kuunda Proa: Chombo Kidogo Ni Mwalimu wa Chombo Kikubwa

Mtu wa pwani akitajiwa chombo chenye miti ya ubavuni, fikira zake huenda mara moja kwenye ngalawa. Hilo si ajabu, kwa kuwa ngalawa imewalisha watu wa mwambao kwa vizazi vingi. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo, mara nyingi la mwembe, wenye tanga moja na matengo mawili, yaani mbao mbili za kuelea, moja kila ubavu, zilizoshikwa kwa miti iitwayo mirengu. Mtu wa bara aliyezoea mitumbwi ya Ziwa Victoria, ambayo haina matengo, aweza kuifahamu kazi yake upesi: tengo huuzuia mtumbwi mwembamba usipinduke, kama mkongojo umzuiavyo mzee asianguke.

Lakini mbali sana na hapa, katika Bahari ya Pasifiki, wako mabaharia wanaotumia chombo chenye tengo moja tu, nacho chapita vyombo vingi vya tanga kwa mbio. Chombo hicho huitwa proa. Asili ya jina hilo ni neno la Kimalai, perahu, ambalo maana yake ni chombo cha baharini tu. Lakini siku hizi mabaharia wa nchi nyingi hulitumia hasa kwa chombo cha visiwa vya Marshall, Kiribati, Karolini na Mariana. Wataalamu wengi husema kwamba ufundi wa tengo uliletwa katika Bahari ya Hindi na wasafiri waliotoka visiwa vya Indonesia, ambao ni mababu wa watu wa Madagaska. Basi ngalawa na proa ni kama watoto wa ukoo mmoja waliolelewa mbalimbali.

Mtu yeyote mwenye mkono wa useremala aweza kujiundia proa. Lakini yampasa kuanza na chombo cha mfano, kirefu kama mkono wa mtu. Sababu zake ni mbili: mbao ni ghali, na uhai ni ghali zaidi.

TOFAUTI YA PROA NA NGALAWA

Tengo la proa lazima liwe siku zote upande wa joshi, yaani upande ule upepo unakotoka. Upande wa pili, ule upepo unakokwenda, huitwa demani, na huko proa haina kitu cha kuizuia. Upepo ukilisukuma tanga, chombo hutaka kulala upande wa demani. Ndipo uzito wa tengo, lililo mbali upande wa joshi, hukivuta kirudi. Kazi yake ni kama ya jiwe la mizani dukani. Tengo la ngalawa lililo upande wa demani huzuia kwa kuelea. Hukandamizwa majini, na maji hupunguza mwendo. Tengo la proa huzuia kwa uzito wake, na upepo ukizidi, huinuka likawa lagusa maji kwa wepesi tu. Hiyo ndiyo siri ya mbio zake.

Pengine msomaji atauliza: Chombo kikitaka kubisha, yaani kwenda kombokombo dhidi ya upepo, tengo litabakije upande wa joshi? Jibu ni kwamba proa haigeuki. Ncha zake mbili ni sawasawa. Nahodha huilegeza kamba ya tanga, chombo kikasimama. Kisha pembe ya mbele ya tanga, pamoja na foromali yake, huchukuliwa kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Mlingoti huinamishwa upande wa pili. Na kafia la kuongozea huhamishwa vilevile. Kamba ya tanga ikikazwa, chombo huondoka kuelekea kilikotoka. Ile iliyokuwa omo sasa ni tezi, na iliyokuwa tezi sasa ni omo. Tengo halikuondoka upande wake.

Tena, ubavu wa proa wa demani huwa karibu bapa, na ubavu wa joshi huwa na tumbo. Umbo hilo hukisaidia chombo kwenda sawa ingawa tengo laburuta upande mmoja tu.

CHOMBO KILICHOWASHANGAZA WAGENI

Mwaka wa 1742 manowari ya Kiingereza iitwayo Centurion, chini ya amri ya George Anson, ilitia nanga katika kisiwa cha Tinian huko Mariana. Mabaharia wake walipata proa moja, wakaifungua vipande vipande ili waipime na kuichora. Walikisia kwamba katika upepo wa nguvu yaweza kwenda karibu maili 20 kwa saa, mwendo ambao manowari yao haikuweza hata kuukaribia. Mchoro ule ulichapwa katika kitabu mwaka wa 1748. Miaka 150 baadaye, mwaka wa 1898, Mmarekani mmoja wa Florida, Ralph Munroe, aliufuata mchoro huohuo akaunda proa yake mwenyewe, nayo ikaenda vizuri. Hakupata kuiona proa ya Mariana, lakini vipimo vilikuwapo.

Nako Marshall, boti za mashine zilipoenea, vijana wengi waliacha kujifunza kazi ya wazee wao, na ufundi ukakaribia kupotea. Mwaka wa 1989 ulianza mpango wa kupima na kuandika habari za vyombo vya visiwa hivyo. Kutokana na mpango huo chama kiitwacho Waan Aelõñ in Majel, kilicho katika kisiwa cha Majuro, huwafundisha vijana kuunda na kusafirisha vyombo vya jadi. Watoto wa huko wana mchezo wao wa tangu zamani, uitwao riwut, wa kushindanisha vyombo vidogo vya tanga vyenye tengo, kama watoto wa pwani wanavyoshindanisha vingalawa. Mchezo huo ni chuo. Mwanzo wa ngoma ni lele.

HATARI YAKE

Yule atakaye kuunda proa hapana budi azijue hatari zake kabla hajashika msumeno. Ya kwanza ni upepo kuzidi nguvu, tengo likainuka juu mno, na chombo kikapinduka upande wa demani. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni upepo kulipiga tanga kutoka upande usio wake. Kiongozi akizembea, au upepo ukigeuka kwa ghafula, tanga hubanwa kwenye mlingoti, tengo hukandamizwa majini, na chombo kisicho na kinga huweza kupinduka au kuvunjika mlingoti.

Hata mafundi wakubwa wamekutana na mambo hayo. Fundi Dick Newick, aliyekuwa akikaa katika kisiwa cha St. Croix, aliunda chombo cha jamii ya proa kilichoitwa Cheers, kwa ajili ya mashindano ya mwaka wa 1968 ya kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mtu mmoja peke yake. Katika majaribio ya kwanza kilipinduka. Fundi hakukata tamaa, wala hakujifanya kuwa hakuona. Alikiongezea boya ubavuni. Katika mashindano nahodha wake, Tom Follett, alifika wa tatu. Kosa lililoonekana mapema, karibu na nyumbani, lilirekebishwa. Lingalionekana katikati ya Atlantiki, habari yake ingalikuwa nyingine.

KWA NINI KUANZA NA MFANO

Chombo cha mfano ndicho mahali pa kukosea. Kipande cha mti kikiharibika, fundi hukitia jikoni akachukua kingine. William Froude, mhandisi Mwingereza, alionyesha zamani kwamba chombo kidogo chaweza kutoa habari za kweli juu ya chombo kikubwa, mradi hesabu ifuatwe. Na mwaka wa 1872 alianza kuvuta vyombo vya mfano katika hodhi refu la maji huko Torquay. Mpaka leo meli kubwa hujaribiwa kwa njia hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme fundi ataka proa ya urefu wa mita 6, na mfano wake uwe wa sentimita 60. Kila kipimo cha urefu, upana na kimo kitagawanywa kwa 10. Lakini eneo la tanga litagawanywa kwa 10 mara mbili, yaani kwa 100. Na uzito utagawanywa kwa 10 mara tatu, yaani kwa 1,000. Kwa hiyo tanga la mita 10 za mraba litakuwa la sentimita 1,000 za mraba, ambalo ni pembetatu yenye pande tatu sawa za sentimita 48. Chombo pamoja na watu wawili kikiwa na uzito wa kilo 300, mfano wake hauna budi uwe na gramu 300, si zaidi. Wengi hukosea hapa. Huchonga mfano mzuri wa kutazama, lakini mzito kama jiwe, kisha hushangaa kuona wazama mpaka ukingoni.

Liko jambo jingine linalowadanganya watu. Upepo haupungui kwa kuwa chombo ni kidogo. Nguvu ya upepo ya kuupindua mfano ni ndogo mara 1,000 kuliko ile ya kukipindua chombo kikubwa, lakini nguvu ya tengo ya kuuzuia ni ndogo mara 10,000. Kwa hiyo, katika upepo uleule, mfano hupinduka kwa wepesi sana. Yapasa kuhesabu kwamba upepo wowote juu ya mfano ni sawa na upepo wenye mbio zaidi ya mara 3 juu ya chombo kikubwa. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao huchezesha majani ya mti tu, kwa mfano ni kama upepo wa mita 9 na nusu, ule unaoyumbisha miti midogo, kwa chombo cha mita 6. Mfano ukipinduka katika upepo mkali, fundi asiutupe. Na ungoje asubuhi tulivu.

KAZI YA MFANO, HATUA KWA HATUA

Kwanza, ni kuchora. Vichorwe vipimo vyote katika karatasi: chombo kutoka ubavuni, kutoka juu, na kama kilivyo kikikatwa katikati. Kwa proa ya mita 6, upana wa nusu mita au pungufu kidogo watosha. Tengo liwe na urefu wa karibu nusu ya chombo, nalo likae mbali mita 2 na nusu. Lisiwe dogo mno: mtu mmoja akisimama juu yake, lisizame.

Pili, ni kuchonga. Mti mwepesi kama msufi wafaa sana. Tumbo lichimbwe mpaka ubavu uwe mwembamba. Mirengu yaweza kuwa vijiti vya mwanzi vilivyofungwa kwa uzi wa katani, na tanga laweza kukatwa katika kitambaa chepesi kisichopenya upepo.

Tatu, ni kupima uzito. Tuseme chombo kikubwa chenyewe, pamoja na tengo na vifaa vyote, kitakuwa na kilo 160, na katika hizo tengo lina kilo 40. Basi mfano mzima uwe na gramu 160, na tengo lake gramu 40. Kisha vitiwe vifuko viwili vya mchanga, kila kimoja cha gramu 70, badala ya watu wawili. Mizani ya dukani yaweza kufanya kazi hiyo. Mfano ukielea, lichorwe alama pale maji yafikapo. Kama ncha moja imezama kuliko nyingine, vipimo vitazamwe upya.

Nne, ni kuvuta. Mfano uvutwe kwa uzi, polepole na kwa usawa, katika maji yaliyotulia, kwanza kwa ncha moja, kisha kwa nyingine. Ukienda vizuri kwa ncha moja na kuyumba kwa nyingine, ncha hizo si sawa. Tengo likichimba maji kwa pua yake, lichongwe liinuke kidogo mbele na nyuma.

Tano, ni kutia tanga. Vijana wawili wasimame ng'ambo mbili za kidimbwi au za maji ya pwani yasiyo na mawimbi, upepo ukikata katikati yao. Mfano uwekewe kibao cha usukani upande wa tezi, uachwe uende. Omo ikigeukia upepo, tanga lisogezwe mbele; ikikimbia upepo, tanga lirudishwe nyuma. Ukifika ng'ambo, kijana wa pili ahamishe tanga na usukani kwenye ncha ya pili, aurudishe.

Sita, ni kuutesa. Mfano ugeuzwe makusudi, upepo ulipige tanga kutoka upande wa demani, ili ionekane utakavyofanya. Ukipinduka, tengo liongezwe ukubwa, au mlingoti utiwe mti wa kuuegemeza, kisha ujaribiwe tena. Halafu ujazwe maji mpaka juu. Kama wazama, chombo kikubwa kitahitaji vyumba vya hewa katika ncha zake.

Mambo hayo yote yaandikwe katika daftari, pamoja na tarehe na hali ya upepo. Na fundi abadilishe jambo moja tu kila mara. Akihamisha tanga na kupunguza tengo siku moja, hatajua ni lipi lililotengeneza wala ni lipi lililoharibu.

Mfano wa kwanza ukikubali, ni vema kuunda wa pili wa mita 1 na nusu, yaani robo ya chombo. Uzito wake utagawanywa kwa 64, nao utakuwa karibu kilo 4 na robo tatu. Na upepo juu yake utahesabiwa mara 2 tu. Mfano huo huonyesha makosa ambayo mdogo huyaficha, hasa katika kufunga mirengu na kuhamisha tanga.

KUUNDA CHOMBO CHENYEWE

Sasa fundi ajua atakalo, na mbao zaweza kununuliwa. Magogo makubwa yamekuwa adimu, na kukata mwembe uzaao kwa ajili ya chombo cha kujaribia si busara. Waundaji wengi wa siku hizi hutumia plaiwudi ya baharini ya unene wa milimita 6. Vipande hukatwa kwa kufuata mchoro, hutobolewa matundu pembeni, hushonwa pamoja kwa waya wa shaba, kisha maungio hujazwa gundi ya epoksi na kufunikwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo. Gundi hiyo yadhuru ngozi, basi mikono ivikwe glavu. Kushona mbao si jambo geni katika mwambao huu. Mitepe ya Lamu, iliyosafiri karne nyingi, ilishonwa kwa kamba za mnazi. Mitepe yenyewe imetoweka, na mengi yanayojulikana juu ya umbo lake yametokana na picha za zamani na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho.

Mirengu na ifungwe kwa kamba, isipigiliwe misumari. Wimbi hukitikisa chombo pande zote, na kamba hukubali kunyumbuka kidogo mahali ambapo msumari ungepasua ubao. Watu wa Marshall hufanya hivyo, na waunda ngalawa hufanya hivyo. Vyumba viwili vya hewa vitengenezwe, kimoja kila ncha, vizibwe barabara.

Siku ya kwanza ya kushua isiwe siku ya kujionyesha. Ichaguliwe asubuhi ya upepo mdogo, si katikati ya Kusi kali, na mahali pawe ndani ya mwamba au katika hori lililotulia. Wawepo watu wawili wajuao kuogelea, wamevaa maboya, nao wawe na ndoo ya kuchotea maji, makafi mawili, na chombo kingine karibu. Kazi ya siku hiyo iwe kuhamisha tanga kutoka ncha hii mpaka ile, mara 20 au 30, mpaka mikono izoee. Mbio zitakuja baadaye zenyewe.

Wazee husema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Maneno hayo ni ya kweli kwa mtu anayeunda chombo asichopata kukipanda. Lakini yule aliyeuona mfano wake ukipinduka mara 10 katika kidimbwi, naye akajua kila mara ni kwa sababu gani, ameyafika maji hayo kwa kiasi. Mchoro, daftari na kile chombo kidogo avihifadhi nyumbani, visitupwe, ili mwanawe au jirani yake akitaka kuunda aanzie pale yeye alipoishia.